Ngiri Asiye na Manyoya

Mzee Makarius amestaafu ufundi mara nne. Mara ya kwanza alitangaza kanisani baada ya ibada, mara ya pili aliuza jeki, mara ya tatu aliandika kwa chokaa kwenye geti lake la bati GEREJI IMEFUNGWA, na mara ya nne alinuna tu. Hakuna aliyemjali. Ukifika Mikumi leo gari lako linatoa moshi mweusi, muuza chipsi wa kwanza utakayemuuliza atakuelekeza nyuma ya nyumba ya mzee, kwenye kibanda ambacho ardhi yake imekuwa nyeusi kwa oili ya miaka ishirini. Utamkuta ameketi kwenye kiti kilichong'olewa katika basi bovu, mkono mmoja wa miwani umefungwa kwa waya, na atakutazama kana kwamba umekuja kumtapikia mlangoni.

Magari yanamtia kinyaa. Si magari yenyewe, bali yale ambayo watu wameyafanyia. Yeye ni mtu wa milimani, wa Lumuma, aliyesoma shule ya misheni ambako mwalimu alikagua kucha kila asubuhi. Kisha akajifunza kazi kwenye karakana ya shamba la mkonge, Kilosa, chini ya fundi mkuu aliyekuwa akiwafungulisha injini nzima upya kwa sababu ya nati moja iliyolegea. Mtu aliyelelewa hivyo anafunua boneti siku hizi na kukuta paipu ya mafuta imezongwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Anaingia uvunguni anakuta tundu la tanki limezibwa kwa sabuni ya mche. Siku moja alikuta kigingi cha mti mahali pa nati ya kumwagia oili, kimechongwa vizuri kabisa, na hicho ndicho kilichomuudhi zaidi, kwamba mtu alipata muda wa kukichonga.

"Nani kafanya hiki?" huuliza, akiwa amekishika kwa ncha za vidole viwili. "Huyo mtu ana mama? Mama yake anajua?"

Halafu anatema mate pembeni, anafanya kazi, na anaifanya vizuri. Hajui kuifanya vibaya. Hiyo ndiyo taabu yake na ndiyo maana watu hawamwachi astaafu.

Lakini iko kazi iliyomkirihi kuliko hizo zote, na kwa bahati mbaya ndiyo iliyompa jina. Barabara kuu ya lami inakatiza katikati ya hifadhi kabla ya kufika Mikumi. Wanyama wanavuka watakapo. Matuta yapo, mabango yapo, na faini ya kugonga mnyama ipo, ya kila mnyama na bei yake. Dereva mwenye haraka akimgonga swala hashuki kumtazama. Anakanyaga mafuta, anaingia mjini, anakata kushoto nyuma ya nyumba za watu, anakuja kwa Mzee Makarius akiwa na taa moja na uso wa mtu aliyefiwa.

"Mimi siulizi," ndiyo kauli ya mzee katika mambo hayo. "Nikiuliza nitajua, na nikijua nitaitwa."

Na anao utaratibu wake. Mafundi wengine hutazama kwanza ndipo wakaosha. Yeye huosha kwanza. Hawezi kushika spana penye manyoya. Ule mchanganyiko wa damu na nyasi zilizokuwa tumboni mwa mnyama, ukishakaukia kwenye bampa la moto, unamgeuza utumbo. Kwa hiyo kabla hajauliza wala kutazama chochote, anachukua ndoo, sabuni ya unga, mafuta ya taa na brashi ya nyuzi ngumu, anafunga kitambaa puani, anasugua mpaka bati linang'aa. Anaosha kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu wengine huacha uchafu kwenye kona. Ndipo anaanza kazi. Madereva waliupenda sana utaratibu huo, kwa sababu zao. Mtu akitoka pale, hata askari wa wanyamapori aje na miwani minne, haoni unywele.

Mzee alizijua hizo sababu zao. Tusimpambe. Alijua, akajitia hamnazo, akasema yeye anafuata usafi tu.

Basi, Jumanne moja ya mwezi wa saba, saa mbili asubuhi, pikapu ya Gerald iliingia pale getini ikitoa mvuke. Gerald ni mkwe wake, amemuoa binti yake Lightness. Ananunua mpunga Tindiga na kuuza Mikumi. Ni mtu msafi, shati daima ndani ya suruali, na ndiye dereva pekee katika wilaya nzima ambaye Mzee Makarius aliwahi kumsifu mbele za watu, kwa sababu hupima oili kila asubuhi bila kukumbushwa. Siku Lightness alipomleta nyumbani, mzee hakumuuliza kabila wala dini. Alitoka nje akafunua boneti, akarudi ndani akasema, "Sawa."

Gerald aliamkia, akaitikiwa.

"Nimegonga ngiri, baba. Kule hifadhini."

"Nani kauliza?" akajibu mzee, akainuka kutafuta ndoo.

Fenda ya kushoto ilikuwa imebonyea, taa ya kushoto imepasuka, na bampa limerudi nyuma upande huohuo. Chini ya injini maji yalikuwa yakidondoka. Mzee alifunga kitambaa chake puani, akachuchumaa, akaanza kusugua huku amekunja uso tayari kwa manyoya.

Manyoya hayakuwapo. Ngiri si mnyama wa manyoya mengi, hilo ni kweli, lakini ana singa ndefu mgongoni zinazoingia kwenye kila mwanya, na mzee alishazing'oa kwa koleo mara nyingi akiapa kwamba hatarudia. Leo hata moja. Damu ilikuwa kidogo tu, pembeni mwa taa. Maji ya kwenye ndoo yalikuwa meusi, meusi ya masizi. Akajiambia kwamba nyika imeungua huko na ngiri hupenda kugaagaa kwenye majivu. Akamwaga, akachota mengine.

"Rejeta inavuja," alisema. "Tuanze nayo."

"Bodi kwanza, baba," Gerald akasema haraka. "Rejeta baadaye. Tunyooshe bodi kwanza, na taa."

Hapo mzee alimtazama. Miaka arobaini ya ufundi, na hajawahi kuona mtu mwenye rejeta inayovuja anayelilia fenda. Dereva halisi hulilia injini, bati litabonyea litanyooka. Zaidi ya hayo, nyuma ya pikapu kulikuwa na magunia ya mpunga, mpunga wa Tindiga, na mtu akitoka Tindiga kuja Mikumi hupita barabara ya Kilosa, ya vumbi. Ile lami ya hifadhini haipo njiani mwake. Mzee aliyaona yote mawili, kila moja mahali pake. Akayameza. Mkwe ni mkwe, na yeye haulizi.

Akanyoosha fenda. Aliing'oa, akailaza kwenye gogo, akaigonga kwa nyundo ya mbao upande wa ndani, taratibu, ili rangi isipasuke. Ilikuwa kazi nzuri, ya kutia fahari, na hata mdomo wake ulilegea kidogo. Mkewe, Yusta, alileta chai na viazi vitamu, akamuuliza Gerald habari za Lightness na ile mimba, maana wa tatu alikuwa njiani. Gerald akajibu salama, hakugusa kiazi. Mzee akabandika taa ya zamani aliyokuwa nayo stoo. Akairudisha fenda, akaifuta kwa kitambaa chenye mafuta, akarudi hatua mbili nyuma. Kama hukuambiwa, usingejua. Ilikuwa imeshapita saa nne.

Sasa akaigeukia rejeta. Akajaza maji, akapiga magoti, akafuata mchirizi kwa kidole. Tundu la rejeta iliyochoka huwa chini, kwenye maungio, penye kutu. Hili lilikuwa katikati, upande wa kushoto, dogo, la duara. Akaifungua rejeta, akaitoa, akaiinua juani. Kulikuwa na kitu kimekwama humo, kimepenya vile vibati vyembamba na kutoboa kibomba kimoja. Akakibana kwa koleo na kukivuta. Kilitoka polepole, kirefu kuliko alivyotegemea.

Ilikuwa spoki ya baiskeli.

Mzee aliifuta kwenye suruali yake. Akaitazama ncha yenye kichwa kidogo, akaitazama ncha iliyokatika, bado inang'aa pale ilipokatikia. Hakuwa na haja ya miwani.

"Mkwe."

"Naam, baba."

"Tangu lini ngiri akapanda baiskeli?"

Gerald alikaa chini, palepale kwenye ardhi yenye oili, na suruali yake safi. Hakulia wala kukataa. Alisema ilikuwa kama saa moja, kwenye kona ya mteremko ukishapita kijiji cha Ulaya kuja huku, jua limemchoma machoni ghafla. Mwendesha baiskeli alikuwa amepakia mkaa, magunia mawili. Alisikia kishindo, akaona magunia yanaruka, akaona kitu kinaporomoka kwenye manyasi chini ya barabara.

"Alikuwa anapumua?"

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Sikushuka, baba."

Roho ya Mzee Makarius ilichafuka. Alimtazama huyu kijana wa kupima oili, shati ndani ya suruali, akaona karaha ambayo hakuwahi kuionea damu wala matumbo ya swala. Mtu anashuka kila asubuhi kutazama kama injini yake ina kiu, na hakushuka kumtazama binadamu! Alitaka kumpiga na rejeta. Alitaka aondoke machoni pake, yeye na mpunga wake.

"Baba," Gerald akasema kwa sauti ndogo, "hiyo spoki itupe. Nakuomba. Kilichotokea kimetokea, labda watu wameshamwokota. Mimi ni mwanao. Ni wewe tu unayejua."

Ni wewe tu unayejua. Mzee aliligeuza neno hilo kichwani. Pipa la vyuma chakavu lilikuwa karibu na mkono wake kabisa, limejaa bolti na mabati yasiyo na jina. Spoki moja ingezama humo, na kesho wauza chuma chakavu wangekuja kulizoa lote. Akamfikiria Lightness na tumbo lake, wale wawili wanaomwita babu, na lango la mahabusu. Sitamficha hapa wala kumfanya mtakatifu. Alisimama pale, spoki mkononi, na mkono wenyewe ulikuwa juu ya pipa.

Kilichomwamsha ni ndoo. Ilikuwa pale miguuni, na maji ndani yake yalikuwa meusi. Masizi ya mkaa. Alikuwa amemuosha mtu kwa sabuni ya unga, kwa brashi yake, na kusugua hata kwenye kona. Kisha akanyoosha fenda kwa saa nzima na nusu, taratibu ili rangi isipasuke, akanywa na chai. Na Gerald hakuwa amepotea njia. Miongoni mwa mafundi wote wa barabara hii, alimjia yeye kwa sababu kila dereva anajua kwamba kwa Mzee Makarius gari huoshwa kwanza na mtu haulizwi. Ni yeye aliyewafundisha hivyo, gari baada ya gari, kwa miaka. Alienda nyuma ya kibanda akatapika, na alipomaliza kinyaa hakikupungua, kwa kuwa kilichokuwa kikimtia kinyaa safari hii kilikuwa kimevaa ovaroli yake.

"Simama," alisema aliporudi. "Washa akili. Tunakwenda."

"Wapi, baba?"

"Usiniulize wapi!"

Gari halikuwa na rejeta, na lingine halikuwapo. Mzee alikibana kile kibomba kilichotoboka kwa koleo, juu ya tundu na chini yake, akakikunja kama mtu anayefunga mdomo wa mfuko. Ni kazi ya hovyo, ya kina fulani anaowatukana kila siku, na angemkuta nayo mtu angemuuliza kuhusu mama yake. Aliimaliza kwa dakika kumi. Rejeta ikarudi, maji yakajazwa, madumu mawili ya akiba yakawekwa nyuma juu ya magunia. Spoki aliitia mfuko wa kifuani. Yusta alikuwa amesimama mlangoni, ameshasikia yote. Aliingia ndani, akatoka na kanga mbili na chupa ya maji ya kunywa, akazisukuma dirishani.

Mzee ndiye aliyeendesha. Barabara ya Kilosa ina mawe na vumbi, naye aliipita kwa kasi ambayo kwayo angemfokea mtu mwingine, jicho moja kwenye kipimo cha joto. Mara mbili walisimama kuongeza maji. Gerald alijaribu kuzungumza mara moja tu, akisema kwamba wakifika wakamkuta na watu, basi wao watakuwa wasafiri tu waliosimama kusaidia, nani atajua, gari halina hata mkwaruzo.

"Ndiyo," mzee akasema. "Halina mkwaruzo. Nimelitengeneza vizuri."

Akakanyaga mafuta.

Kwenye kona ya mteremko hapakuwa na watu. Palikuwa na unga mweusi barabarani, magurudumu mengi yameshapita juu yake. Lori moja liliwapita likipiga honi, na mzee akaelewa jinsi asubuhi nzima ilivyokwenda hapa, magari yakishuka na kupanda, kila mtu na haraka yake, na manyasi marefu kuliko mtu upande wa chini. Aligeuza gari kuelekea Mikumi, akaacha mlango wazi, akateremka ukingoni kwa makalio, mzee wa miaka sitini na nane, akishika mizizi. Vipande vya mkaa vilimwonyesha njia. Akaiona baiskeli kwanza, gurudumu la nyuma limekunjika mara mbili.

Mwenyewe alikuwa hatua chache mbele, mwanamume wa miaka thelathini hivi, mweusi kwa mkaa kuanzia kichwani mpaka viatuni, ameegemea kichuguu. Mguu mmoja ulikuwa umelala upande ambao mguu haulali. Siafu walikuwa wameshaufikia, wamejipanga kwenye damu. Macho yalikuwa wazi. Mzee alidhani amechelewa, mpaka macho yale yalipomfuata.

Alipiga magoti. Akaanza kuwatoa wale siafu kwa mikono mitupu, kwa vidole vyake vyote, wakamng'ata naye asijali. Gerald alikuwa amesimama nyuma na zile kanga.

"Mnyweshe maji," mzee akasema bila kugeuka. "Kidogo kidogo."

Mtu yule alikunywa. Maji yalimchora mistari shingoni. Alitazama juu, kupitia manyasi, kule ukingoni ambako pikapu ilionekana upande wake wa kushoto, fenda na taa, inameta juani. Akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Nimeita sana," alisema. Sauti ilikuwa imekauka kabisa. "Magari yanapita tu. Lile lililonigonga halikusimama. Nyie ndio mmesimama. Mungu awabariki." Kisha akaona kichwa chenye mvi kilichoinama juu ya mguu wake, akakumbuka adabu, akajaribu hata kujiinua kiwiko. "Shikamoo, mzee."

Mzee Makarius aliendelea kutoa siafu.

Mtu yule akadhani hakusikika. Akakusanya pumzi tena. "Shikamoo, baba."

"Usiniamkie, mwanangu," mzee akasema. "Gari ni hilihili. Saa zote hizi ulizokuwa ukiita, tulikuwa tunaliosha."